Pamfleti ya takwimu ya Chake Chake: jedwali safi, mchoro umepotoka

Ina kurasa 24, inauzwa shilingi 3,000 kwenye maduka ya fotokopi, na mada yake ni moja tu: marudio limbikizi, yaani hesabu inayojumlishwa daraja baada ya daraja. Mwanafunzi wa sekondari mwenye mwalimu wa kumsahihishia ukurasa wa 15 aichukue. Anayejisomea peke yake asubiri chapa nyengine.

Jedwali limefanywa vizuri. Mfano ni karafuu zilizochumwa kwa siku na watu 40, kwa pishi, kipimo cha ujazo ambacho mtoto wa Pemba haulizi ni nini: pishi 1–4 watu 3, 5–8 watu 9, 9–12 watu 14, 13–16 watu 10, 17–20 watu 4. Kila daraja, yaani kila kundi kama 1–4, linajumlishwa juu ya yaliyotangulia: 3, 12, 26, 36, 40. Ya mwisho isipolingana na idadi ya watu, rudi juu ukatafute kosa.

Mediani, thamani ya katikati, nayo inaeleweka. Nusu ya 40 ni 20. Limbikizi ya kwanza kuifikia ni 26, basi daraja ni 9–12. Mpaka halisi wa chini, katikati ya 8 na 9, ni 8.5, waliotangulia 12, marudio ya daraja 14, upana 12.5 − 8.5 = 4: 8.5 + (20 − 12) ÷ 14 × 4 = 10.79. Ukiweka 26 badala ya 12 unapata 6.79, nje ya daraja, na kosa linajifichua lenyewe. Lililo baya ni upana wa 12 − 9 = 3: jibu 10.21 limo ndani ya daraja, halimshtui mtu. Hilo pamfleti haikulitaja.

Ukurasa wa 15 ndipo ulipo mchoro wa marudio limbikizi, na nukta zimewekwa katikati ya madaraja: 2.5, 6.5, 10.5. Huo ni utaratibu wa poligoni ya marudio, mchoro wa marudio ya kila daraja peke yake. Watu 26 hawatimii mpaka daraja liishe, kwa hiyo nukta yao inakaa 12.5. Mchoro mzima umesogea pishi 2 kushoto, na mediani inasomeka 8.8, wakati ukurasa wa nyuma yake umeandika 10.79! Nukta ya kuanzia, 0.5 kwa 0, haimo kabisa.

Karatasi ya grafu mwishoni ni kopi ya kopi. Miraba imefifia na kupungua. Nunua yako. Skeli ya sentimita 2 kwa pishi 5 inafaa, kwani nusu pishi inaangukia kimraba kimoja cha milimita 2. Wima, sentimita 2 kwa watu 10.