Parokia yetu ya huku baada ya Kimara: Misa nyota tatu, jumuiya nyota nne na malalamiko

Nilihamia huku Dar es Salaam miaka minne iliyopita nikitokea Songea. Baada ya kupata maji na fundi wa kufunga luku, nilitafuta kanisa. Watu wanatathmini saluni na mama ntilie. Mimi natathmini parokia, maana hapa mjini sijatumia huduma nyingine kwa wingi hivi, wala hakuna nyingine iliyonikera kama hii. Jina lake sitalitaja. Paroko naye ana simu.

Jumapili niipitie haraka. Misa ni tatu: saa 12, saa 2 na saa 4. Nenda ya kwanza. Padre anawahi kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, kwa hiyo mahubiri ni mafupi na yana kichwa na miguu. Ya pili ina vipaza sauti vinavyokoroma na kwaya inayoshindana na kinanda chake yenyewe. Ya tatu ni ya watoto, utatoka na alama za viatu kwenye kitenge. Matangazo niliwahi kuyapima kwa saa yangu: dakika 25. Ujenzi wa ukumbi, ndoa zinazotangazwa mara ya pili, jumuiya ipi imetoa kiasi gani cha mavuno na ipi imetoa aibu. Kisha mnada, ambao nakiri ninaupenda. Mwezi uliopita jogoo aliyeletwa na bibi mmoja aliuzwa elfu 45, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena elfu 30. Jogoo yuleyule, miguu imefungwa, anatuangalia tu.

Lakini ukisali Misa ukaondoka, parokia bado hujaiona. Mwaka wangu wa kwanza niliishi hivyo. Nilipeana amani na mama mmoja wa benchi letu karibu miezi minane, kumbe anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Tulikuja kujuana kwenye jumuiya, mimi nimebeba stuli, yeye ndiye mwenye nyumba.

Jumuiya yetu ina kaya 23. Tunasali kila Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba, na miezi ya Mei na Oktoba ni rozari kila jioni. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa Kanisa la Afrika Mashariki. Sisi Watanzania tulikuwa tumeshazoea balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa sana. Inasomwa Injili ya Jumapili inayofuata, kila mtu anasema lililomgusa, na hapo ndipo utamsikia fundi bomba akieleza mfano wa mpanzi vizuri kuliko padre yeyote niliyewahi kumsikia. Halafu yanakuja ya kawaida: nani anaumwa, nani kajifungua, mtoto wa nani kafukuzwa ada. Mwisho hisa za kikoba, elfu 5 kwa hisa. Nimekopa mara mbili, friji ninayouzia barafu imetoka humo.

Nyota zile nne nazitoa kwa sababu ya Agosti mwaka jana. Baba yangu mdogo alikuja Dar kutibiwa, akafia nyumbani kwangu saa 9 usiku. Nilimpigia mwenyekiti wa jumuiya kabla sijawapigia ndugu zangu wa Tabata. Kulipopambazuka turubai lilikuwa limesimama, viti vimeshushwa, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wameshainjika masufuria kwenye mafiga. Mzee Mwislamu wa nyumba ya nyuma aliitwa kuchinja, ili majirani wote wale. Rambirambi ilikuwa shilingi 412,000, imeandikwa kwenye daftari la mistari, jina kwa jina, hata aliyetoa elfu 1. Wanajumuiya wawili walipanda gari la maiti na sisi hadi Songea, zaidi ya kilomita 900, wakazika, wakageuza. Hakuna aliyeniuliza nauli yao itatoka wapi.

Sasa malalamiko. Daftari hilohilo linalokubeba kwenye msiba ndilo linalokuhukumu siku nyingine. Mimi ni nesi, nina zamu za usiku, na Jumamosi saa 12 asubuhi mara nyingi bado niko wodini nakabidhi wagonjwa. Nilipoomba barua ya jumuiya ili mwanangu abatizwe, katibu alifungua kurasa: "Sista, umehudhuria mara 9 kati ya 22. Na kadi ya zaka ina miezi sita mitupu." (Huku nesi tunaitwa sista, kwa hiyo kwa dakika moja nilisemwa kama mtawa aliyetoroka.) Nilimweleza habari ya zamu. Akasema sababu haina safu kwenye daftari. Barua niliipata baada ya kulipa malimbikizo, elfu 60, na mtoto akabatizwa mwezi mmoja baada ya wenzake.

Hilo langu nimelimeza. Nisiloweza kumeza ni la kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyefariki bila kuwahi kusali jumuiya. Alizikwa na katekista, bila Misa. Wapo waliosema ni fundisho kwa wengine. Fundisho lile lilimfikia mama yake, ambaye Jumamosi hakosi, na ambaye masufuria yake ndiyo tunayoazima kila msiba. Nilisema kwenye kikao cha jumuiya kwamba zaka ya mtu haipaswi kufuatiliwa hadi kaburini. Wawili waliitikia, wengine wakaangalia mkeka. Mwenyekiti akaandika "yatokanayo", na hapo ndipo lilipolala mpaka leo.

Kwa hiyo kama unahamia huku: njoo na barua ya utambulisho kutoka jumuiya ulikotoka, usiisubiri shida ndiyo ujitambulishe. Omba kadi ya zaka wiki ya kwanza na uahidi kiasi unachokiweza, si unachotaka kusifiwa nacho. Kama kazi yako ni ya usiku, mwambie mwenyekiti mapema mbele ya mashahidi. Na Misa ya saa 2 achana nayo mpaka vipaza sauti vitengenezwe.

Jumamosi hii wanasali kwangu. Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa wodini, majani ya chai yapo, maandazi nimeagiza kwa yule mama wa benchi letu. Mikeka haitatosha, miwili nimeazima kwa mzee wa nyumba ya nyuma.