Kurasa 16 na kaka wa duka la vitabu

Jina la riwaya silitaji, na duka pia silitaji. Siwafanyii watu matangazo ya bure. Ni hizi riwaya za mapenzi za siku hizi: kijana wa Shanty Town, kule kwa matajiri, baba yake ana malori, kampenda binti anayeuza ndizi na mama yake pale Mbuyuni. Moshi yetu hii hii. Ndiyo maana nilinunua.

Mimi ni fundi cherehani, nasoma wateja wakipungua. Siku ya kwanza sikulala. Kuna mahali binti anaalikwa chakula kwa kina kijana, anakaa mikono chini ya meza muda wote kwa sababu vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Mama wa kijana anadhani ni dharau, kagoma kula. Jamani, huyo mwandishi anajua! Utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye nguo umeingia, mimi naletewa magauni nikate kipande nibandike kingine. Nilimsomea mume wangu kwa sauti, akanyamaza, na yule si mtu wa kunyamaza.

Sasa ukurasa wa 144. Washenga wamefika kuposa. Gari limesimama nje, huko Njoro, mama wa binti anafunga khanga upya, mtoto katumwa kwa jirani akaazime viti. Nahamia ukurasa wa kulia: 161! Mama analia, viti vimesharudishwa, binti yuko kwenye basi la Arusha. Nani kasema nini? Mahari imekuwaje? Nikadhani kurasa zimegandana, nikalamba kidole, nikavuta. Wapi. Halafu nakuta 161 hadi 176 zimewekwa mara mbili, kama nakejeliwa. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi ya uchapaji akanielewesha: karatasi kubwa moja ikichapwa na kukunjwa inatoa kurasa 16, sasa mpangaji kachukua fungu moja mara mbili, jingine kaliruka. Sawa, binadamu hukosea. Hilo ningesamehe.

Yule kaka wa dukani ndiye simsamehi. Nilikwenda na kitabu, risiti ndani yake, futikamba bado iko shingoni maana nilitoka kibarazani mbio. Hata hakukifungua. Alitazama futikamba, akashuka na macho mpaka kwenye kandambili zangu, akasema, "Mama, hivi vitabu mnasoma wenyewe au mnatumwa?" Nikamwambia nimenunua mwenyewe na nasoma mwenyewe. Akasema, "Sasa hadithi ya mapenzi, kurasa chache zina nini? Si mwishoni wanaoana?" Kaniharibia na mwisho! Watu wawili wakacheka. Nimeshonea nusu ya mji huu magauni ya sendofu, leo mtoto sawa na mwanangu ananiuliza nani kanituma. Na anauza kitabu cha tajiri kumpenda maskini, kakipanga mbele kabisa dirishani.

Wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi ni Mpare wa Ugweno na sikanushi. Nimerudi pale mara tatu, na nauli za bajaji sasa zinakaribia bei ya kitabu. Mara ya mwisho nikaambiwa mwenye duka kasafiri, nije wiki ijayo. Wiki ijayo zimeshapita sijui ngapi.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyekuwa nacho kizima. Nikamwekea zipu bure, akaniachia usiku mmoja. Nikazisoma zile 16 nimesimama jikoni, na afadhali nisingezisoma. Kumbe mama wa binti kapata habari ya ugeni asubuhi ile ile, mchana kapika mbege, jioni wageni wanakunywa! Mama mkwe wangu, Mchaga wa Machame, alicheka mpaka akashika ukuta. Ulezi uoteshwe, ukauke, usagwe; ndizi zichemshwe, zikae siku kadhaa; yeye kamaliza yote kati ya uji na chakula cha mchana? Tena pombe ya posa, akasema, huletwa na upande wa mwanaume. Lakini hilo bado dogo. Baba wa kijana anaweka bahasha mezani, na yule mama, yule yule tuliyembebea huruma na mikungu yake tangu ukurasa wa kwanza, anapiga magoti na kushukuru. Basi. Hana neno.

Na mimi siku zote zile za kukosa kurasa nilishamtungia maneno, mguu uko kwenye cherehani. Nilimfanya airudishe bahasha, aulize kwanza: mwanangu mtamwitaje mkiwa na wageni wenu? Nilipoposwa mimi, shangazi aliwauliza watu wa Machame hivyo hivyo, na walijibu kabla hawajakaa. Kwa hiyo kitabu changu kibovu kimekizidi kile kizima. Siamini kama naandika hivi.

Nilitaka kusema msinunue. Lakini ile mikono chini ya meza, hapana, nunueni tu, ila si pale, na kagueni kurasa kabla hamjatoa hela. Mwenye kizima akitaka tubadilishane, changu sikitoi.

Na wewe kaka: nilikupa noti mbili za elfu kumi kwa kitabu cha elfu kumi na tano, ukanirudishia elfu tatu, ukasema buku mbili nipitie baadaye. Kesho napita.