Bangkok siku nne: nimevuka bahari kwenda kufundishwa tanzanite, mi mtoto wa Arusha

Nimerudi juzi juzi tu na hasira bado ninazo, mnivumilie. Misosi, maduka ya Pratunam, foleni, hayo mmeshasimuliwa na kila mtu. Mi nina neno moja tu, bajaji.

Wenyewe wanaziita tuk-tuk ila ni bajaji hizi hizi, zimepigwa rangi na mataa kama kibanda cha CD. Siku ya pili asubuhi mimi na mama watoto tumependeza, nimevaa suruali ndefu na joto lote lile kwa sababu Grand Palace, lile jumba la wafalme wao, ukienda na kaptula wanakurudisha. Hatujafika getini akatokea mzee mmoja, shati la pasi, kitambulisho shingoni, heshima tele, anasema poleni sana asubuhi hii pamefungwa, watawa wana ibada, rudini saa saba. Afu akatuitia dereva, mahekalu matatu kwa baht 20. Baht 20! Haifiki hata buku mbili. Mtu uliyekulia karibu na stendi unajua kabisa bei ya hivyo ina nini nyuma yake, na bado nikapanda, sijui nilikuwa nawaza nini.

Hekalu la kwanza tuliliona, dogo, zuri kusema kweli. La pili likawa duka la suti. La tatu duka la mawe. Dereva alikuwa muwazi jamani, anabembeleza, ingieni dakika kumi tu msinunue kitu, mi hapo napewa kuponi ya mafuta. Nikamwonea huruma. Hapo ndo pakaharibika.

Kijana wa dukani akatoa jiwe la bluu akaniwekea kiganjani, anaanza, hili linaitwa tanzanite. Nikamwambia najua. Linatoka Afrika. Najua. Ni adimu sana. Nikamwambia ndugu yangu mi natoka Arusha, Mererani yanakochimbwa ni jirani zetu, nina mjomba ameshuka mashimoni na wanaapolo, wale wachimbaji wadogo, enzi ule ukuta wa kilomita 24 wa kuzungushia migodi haupo hata kwenye ndoto, na mengi ya hayo mawe yakitoka chini ni ya kahawia, yanachomwa ndo yanakuwa bluu. Akacheka. Akasema nyie mna mashimo tu, jiwe linakuwa jiwe likifika huku. Afu akaninyang'anya!

Nyie. Kiingereza chote kilikimbia, nikabaki kumshushia Kiswahili tu, mlinzi kaja, mama watoto ananivuta shati, tunatoka nje bajaji haipo. Kuponi keshapata, anatusubiri wa nini.

Mvua nayo ikashuka, ile ya ndoo. Tunafika Grand Palace saa kumi kasoro, tiketi wameshaacha kukata tangu saa tisa na nusu, na kumbe siku nzima palikuwa wazi. Na kuna kibao kabisa kinasema usimsikilize mtu wa njiani akikwambia pamefungwa. Kibao! Nilipita mbele yake asubuhi nikiwa napiga selfi.

Ila kinachoniuma kuliko hela, na mama watoto sijamwambia, ni kwamba yule kijana hakukosea sana. Mjomba alitoka Mererani na kikohozi, jiwe hata moja hana, na Bangkok ndo wanakata na kuuza mawe ya dunia nzima. Angesema kwa adabu basi. Asingecheka.

Kwa hiyo bajaji sifuri, duka chini ya sifuri, na jiji nilitaka kulipatia sifuri pia. Shida ni ile jioni. Tulivuka mto kwa kivuko pale Tha Tien, nauli hela ya pipi, hekalu la Wat Arun linawaka taa upande wa pili, na mama mmoja mwenye toroli akatuuzia embe na wali wa nazi wa kunata, akaona tumelowa akatutandikia mifuko ya plastiki kwenye viti vyake na hakuongeza hata baht moja. Wali wa nazi kwa embe, watu wa Tanga wangeandamana. Tulirudia mara mbili.

Usiku nilisema Bangkok sikanyagi tena. Sasa hivi mama watoto yuko kwenye simu anaangalia nauli za mwezi wa kumi na mbili, nimemwambia sawa, ila tunapanda treni zile za juu, na geti la Grand Palace naenda kuligonga mwenyewe.