Nimezunguka nyumba tatu za wazee hapa Nairobi, tofauti yote niliiona usiku

Haya jamani karibuni. Leo si blenda wala simu, najua wengi mmezoea hapa tunafungua maboksi, lakini leo nataka tuongee kuhusu nyumba za wazee hapa Nairobi, zile unalipa kila mwezi mzazi wako anakaa analishwa anaogeshwa anapewa dawa. Nimekuwa kwa hiyo shughuli miezi kadhaa na mmeniuliza sana inboksi, na kila nikitafuta mtu ameongea ukweli napata matangazo tu, droni inapita juu ya bustani na kinanda kinalia nyuma.

Kitu cha kwanza, kitakuokolea siku nzima. Ukiandika kwa simu "nasing homu Nairobi" utaletewa hospitali ndogo za mtaani, za kujifungulia na kulazwa, ju hapa kwetu ndilo jina ziko nalo kwa mabango. Mimi nilipiga simu, dada wa upande ule mwingine akaniuliza mimba iko wiki ngapi, na mimi naongea juu ya mama wa miaka 78. Tafuta makao ya wazee, ama bora zaidi uliza manesi na mafizio, wale wa mazoezi ya viungo, wa wadi alikolazwa mzazi wako, hao wanajua wagonjwa wao huenda wapi na hurudi wakiwa hali gani.

Mama yangu alipata stroki. Upande wa kulia wote ukalegea, mkono, mguu, na kumeza kukawa shida, maji matupu yanampalia lakini uji mzito unapita. Tunaishi Donholm orofa ya nne hakuna lifti. Tulijaribu nyumbani wiki sita, mimi na dada yangu kwa zamu, kaka yuko Doha anatuma pesa, dada wa kazi wawili wakaondoka na siwalaumu, kugeuza mtu mzima kitandani usiku kucha si kazi ya mtu mmoja. Shangazi alipiga simu kutoka nyumbani akilia, ati tunamtupa mama. Nilimwambia polepole, shangazi, hata katiba kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na serikali, sasa sisi familia tunatafuta hayo matunzo mahali yanapopatikana.

Sasa nyumba zenyewe. Majina sitataja, nitaziita Ya Lifti, Ya Kisima na Ya Mparachichi, na tafadhali msiniulize kwa komenti ni gani, sitajibu.

Ya Lifti ndiyo tulianza nayo, elfu 120 kwa mwezi. Mnielewe, tuliipenda. Taili zinang'aa, maua mapokezi, lifti inaingiza kitanda kizima, na kila chumba kuna kengele ukutani mzee akitaka kitu anabonyeza. Sikuangalia kengele iko upande gani. Iko kulia. Mama mkono wa kulia haufanyi kazi. Siku 19 mama yangu alilala kando ya kengele asiyoweza kuifikia na mimi nikiingia mchana namkuta amekaa kwa kiti amechanwa nywele, naona mambo iko sawa.

Siku ya 19 nilitoka kazini nimechelewa, Jogoo Road ilikuwa imefungana, nikafika saa tatu usiku. Soja akaniambia muda wa kuona wagonjwa umeisha, nikamsihi, akanifungulia. Juu nikakuta mhudumu mmoja kwa orofa nzima, nikahesabu milango, wazee 14. Kitandani kwa mama kuna ile chati ya kugeuza, ju mtu asiyejigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, leo upande huu, baadaye ule. Chati ilikuwa na tiki saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kalamu moja mwandiko mmoja. Na ni saa tatu usiku.

Nikamgeuza mwenyewe. Juu ya mfupa wa mkia kulikuwa na kidonda ukubwa wa kifuniko cha soda, kimefunguka.

Hapa nataka nikae kidogo ju hii ndiyo sababu ya hii video. Vidonda vya kulalia vinaanza pale mfupa uko karibu na ngozi, kitakoni, visigino, nyonga, viwiko, hata nyuma ya kichwa. Uzito wa mwili unabana ngozi, damu haipiti, ngozi inakufa. Wanakwambia uangalie wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo tumia mkono. Vua soksi, shika kisigino, linganisha na ngozi ya pembeni, kama pana joto zaidi, ama pamekuwa pagumu, ama panabonyea kama nyanya iliyoiva sana, ama mzee anavuta mguu ukigusa, hapo tayari kuna shida hata kama hakuna kidonda. Mimi sai nikimtembelea mama jambo la kwanza baada ya kumsalimia ni soksi.

Tukamtoa. Metroni wao aliniambia wazee wote hupata, nikamwambia asante nikaenda kulipia ambulansi.

Ya Kisima ni elfu 80. Jina nimeipa ju wako na kisima chao, na mtu wa Nairobi anajua maana yake, maji ya kaunti yanakuja kwa mgao, na nyumba ya watu 21 wanaovaa daipa bila maji siku tatu sijui inakuwaje. Pazuri, pasafi, kuna kanisa dogo, wazee wanacheza drafti. Lakini niliona vitu viwili. Moja, saa ya chakula mhudumu amesimama katikati ya viti viwili analisha wazee wawili kwa zamu, kijiko huku kijiko kule, na mmoja wao anakohoa kila akimeza na bado kijiko kinakuja. Mtu aliyepata stroki akikohoa hivyo chakula kinaweza kuwa kinaenda kwa mapafu, na hapo nimonia iko karibu. Ya pili, stima zilipotea tukiwa pale, jenereta ikawaka, lakini haifiki vyumba vya nyuma, na huko nyuma kuna baba mmoja analalia godoro la hewa, lile la kuzuia vidonda, linaendeshwa na pampu ya stima. Lilianza kushuka tukiliona.

Lakini metroni wa pale nampa heshima zangu zote. Nilimuuliza usiku mko wangapi. Akanitazama akasema, "Usiku niko na wahudumu wawili kwa wazee 21, mama yako anahitaji kugeuzwa kila mara, nikimchukua nitakudanganya." Alikataa elfu 80. Kama mzazi wako anatembea, anakula mwenyewe, shida yake ni upweke na kusahau dawa, mimi hapo ningempeleka bila wasiwasi. Na ni yeye aliyetuelekeza kwa nyumba ya tatu.

Ya Mparachichi ukiiona kwa nje utarudi na gari. Nyumba ya zamani ya mabati, rangi imebanduka, chumba kimoja vitanda vinne, televisheni imekufa. Elfu 65. Ndani inanuka Jik na maharagwe yanayochemka, na nataka mzingatie hiyo harufu, ju nyumba ya wazee ikinuka mkojo saa nne asubuhi ujue daipa za usiku hazijabadilishwa, na ikinuka manukato makali sana jiulize yanafunika nini.

Wazee 11. Mchana nesi yupo, nilimwomba leseni yake ya Baraza la Wauguzi akanionyesha bila kununa, bado haijaisha muda. Usiku wahudumu wawili, na wako macho. Najua wako macho ju nimeenda mara tatu bila kuambia mtu, mara ya mwisho saa tano usiku, nikakuta mmoja anageuza watu na mwingine anatembea nje na mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Huyo mzee ana ile shida ya kusahau, na watu wa hivyo jua likizama wengi huchanganyikiwa zaidi, yeye anatafuta geti anataka kwenda kazini. Kwingine wangefunga mlango. Huyu kijana anamshika mkono wanazunguka mparachichi, wanazunguka, anamuuliza treni inatoka saa ngapi mzee anamjibu, mpaka mwenyewe anasema amechoka twende tukalale.

Na kulisha. Mhudumu anavuta kistuli anakaa, macho yake na ya mama yanalingana. Mama ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko nusu. Halafu anangoja, anaangalia koo, koromeo linapanda linashuka, anaangalia ndani ya shavu la kulia kama kuna uji umebaki ju upande ule mama hausikii, ndiyo kijiko kingine kinakuja. Bakuli moja dakika 40. Niliangalia mpaka mwisho.

Mapungufu yapo. Fizio anakuja mara moja kwa wiki, haitoshi, sisi tunalipa wa ziada. Nguo zinachanganywa, leso mbili za mama zimepotea na moja nimeiona imevaliwa na jirani yake, sasa naandika jina kwa uzi. Na mlango wa nyuma una ngazi tatu bila njia ya wilcheya, moto ukitokea sijui wanatoa watu vipi upande ule, nimewaambia, fundi amekuja kupima lakini bado hajaanza.

Pesa. Hiyo elfu 65 si mwisho. Daipa ni juu yako, dawa juu yako, daktari akija juu yako, glavu wengine wanakutoza. Omba mkataba ulioandikwa vitu hivyo kimoja kimoja na uulize mama akilazwa hospitali wiki mbili kitanda unalipia ama hulipii. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haijatulipia hata siku moja ya kitanda cha nyumba yenyewe. Pesa za Inua Jamii za serikali kwa waliofikisha miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwetu hiyo haimalizi hata daipa. Kwa hivyo familia nyingi haziwezi kabisa, na hilo linaniuma.

Kwa mzee asiye na mtu kabisa kuna Nyumba ya Wazee kule Kasarani, ya masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa 1839 na Jeanne Jugan, wanachukua wazee maskini na wanaishi kwa misaada. Kuna pia Mji wa Huruma upande wa Runda, ya kaunti. Hizo sikuzilinganisha na hizi za kulipia, ila ukiwa na unga, sabuni ama daipa umebakisha, wapelekee.

Mtu ataniuliza mama yuko aje. Kidonda jana kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi. Kengele ya ukutani hakuna pale, wamemwekea kengele ya mbuzi, ile ndogo ya shaba, imefungwa kwa kamba kwa mkono wa kushoto, na usiku akiitikisa nimesikia mwenyewe kwa simu mtu anaitika, "Nakuja, mama."