Dalali kanichosha, wakili kaniokoa: nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha

Jamani nimemaliza kununua nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha, vyumba 6 huku Segerea, na leo nataka kuisifia huduma ya wakili mmoja wa Kariakoo, dada niliyepelekwa kwake na shemeji, maana bila yeye saa hizi ningekuwa nalia.

Nilianza na dalali. Kila nyumba anataka elfu 20 ya kuonyeshwa hata kama ni mbili mtaa mmoja, na kila siku ni "bosi wahi, kuna mtu anakuja jioni na hela yake". Ya kwanza ilikuwa kule bonde la Msimbazi, rangi mpya inanukia mpaka nje, ila nikipitisha mkono ukutani chini ya swichi rangi imevimba, inabanduka na unga mweupe wa chumvi. Mama mmoja mpangaji alikuwa uani anachoma vitumbua, akaniambia polepole "mwanangu, njoo uione masika". Dalali kimya.

Ya pili niliipenda kweli, mzee mpole, mwenyekiti wa mtaa anamfahamu, kopi ya hati ipo, nikawa tayari nimetenga advansi. Wakili akasema usitoe hata mia mpaka tufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kumbukumbu za nyumba ni ya nani na ina deni gani. Majibu yakatoka nyumba ina rehani ya benki, yaani imewekwa dhamana ya mkopo! Nilikaa pale kwenye benchi miguu haina nguvu, hiyo hela ni ya miaka 9 mimi na mume wangu.

Hii ya tatu ndo tukanunua. Hapa wakili alimuuliza muuzaji swali moja tu, "mkeo yuko wapi?", akagoma kuandaa mkataba mpaka mama mwenyewe akaja akasoma akasaini ridhaa, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi na mtu mmoja, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Na kodi ya TRA ya muuzaji akaiandika humohumo, wakati dalali alikuwa anasema hiyo tutajuana mbele.

Kasoro anazo, ada yake sio ndogo na saa 11 jioni ikishapita hapokei simu. Ila hata la LUKU alinikumbusha, ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi mpangaji akinunua umeme ni ya mwenye nyumba, kwahiyo wapangaji wangu nawarudishia kwenye kodi yao ya pango.