Uzoefu wangu na YouTube na Vimeo: video ni ya nani, na nembo inayoonekana ni ya nani?

Nashuti harusi na kwaya hapa Mbeya, Tukuyu, mara nyingine hadi Makambako. Swali ambalo wateja hawachoki kuniuliza ni hili: tukiipandisha video mtandaoni, inakuwa ya nani?

Inabaki yako. Masharti ya YouTube yanatamka wazi kuwa mwenye kazi ndiye mmiliki. Unachowapa ni leseni ya kuitumia duniani kote bila kukulipa, na huzuiwi kuiweka kwingine. Ila wana haki ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli isiyo kwenye mpango wao wa malipo, na hapo hupati hata senti. Kugawana mapato ya matangazo kunahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi (Shorts) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa kwaya ya usharika huo ni mlima.

Kwenye nembo ndiko kwenye kazi. Ile alama ya chaneli unayoiweka YouTube inaonyeshwa na kichezeshi chao tu, haimo ndani ya video. Mtu akiipakua, anaondoka na picha safi. Ukurasa mmoja wa burudani ulichukua video ya kwaya niliyoishuti Tukuyu, wakabandika nembo yao, na jina la kwaya halikutajwa popote. Iliniuma sana, maana wale kinamama walifanya mazoezi miezi mizima. Siku hizi jina la kwaya nalichoma kwenye picha yenyewe wakati wa kuhariri, kwa rangi hafifu, likipita vifuani mwa safu ya mbele juu ya majoho. Anayetaka kulikata atakata na waimbaji.

Ukiibiwa ndani ya YouTube kwenyewe, fomu ya kuomba video iondolewe ni bure. Content ID, mfumo unaosaka nakala wenyewe, wanapewa wenye hazina kubwa ya kazi, sio sisi.

Harusi nazipeleka Vimeo, mtandao mwingine wa kuweka video. Kwa kifurushi cha kulipia unaondoa nembo yao na kuweka yako, unafunga video kwa nywila, na hakuna matangazo. Familia ikitaka kipande cha sendofu kiongezwe, nabadilisha faili na linki inabaki ileile iliyokwisha kusambaa WhatsApp. Bei ni ya dola, kwa kadi, na inauma. Na watazamaji wapya huko usiwategemee. Kwaya inayotaka kusikika ibaki YouTube.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi inalindwa hata kabla hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Lakini wimbo una mwenyewe na picha ina mwenyewe, kwa hiyo tunaandikiana: chaneli ya nani, nembo ya nani, mapato yagawanywe vipi. Mwenyekiti wa kwaya anasaini kabla sijafungua begi la kamera.