Kununua safari ya mahekalu ya Tamil Nadu: uliza saa za kufungwa kabla hujalipa

Ilikuwa saa saba kasorobo mchana, jua la Madurai, mji wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, limesimama utosini, na mimi na mama tuko mbele ya lango la hekalu la Meenakshi tukitazama askari akitupungia mkono turudi. Limefungwa mpaka saa kumi. Dereva akasema saa kumi tutakuwa barabarani, ratiba ndiyo hiyo. Mama alikuwa amekuja Chennai, makao makuu ya jimbo hilo, kutibiwa, daktari ametupa siku tano za kungoja majibu, na hizo siku tano alizitaka kwa jambo moja tu: kuona minara 14 ya Meenakshi, ile yenye sanamu za rangi kuanzia chini hadi kileleni. Aliiona ya nje tu, kupitia dirisha la gari.

Kilichotuchelewesha ni duka la hariri. Saa nzima na dakika arobaini tumekalishwa tunafunuliwa sari, kwa sababu wakala alishapatana na mwenye duka.

Nilipokisimulia kisa hiki mtandaoni, wasindikizaji wa wagonjwa na wanafunzi walio huko waliniandikia kisa hicho hicho, wengine wakiwa Kanchipuram, wengine Rameswaram, miji mingine ya mahekalu. Kwa hiyo leo sitazungumzia hoteli wala chakula. Kila mtu huyauliza hayo. Nazungumzia saa.

Mahekalu ya Tamil Nadu si makumbusho, yana ibada kila siku. Baada ya ibada ya adhuhuri milango ya chumba cha ndani hufungwa, mungu wao apumzike, na hufunguliwa tena jioni. Meenakshi hufungwa kama saa sita na nusu hadi saa kumi, na mengi makubwa hufuata mtindo huo. Ratiba yoyote inayokufikisha hekaluni saa saba mchana imekuuzia ukuta.

Na hata pale ambapo ua uko wazi, viatu huvuliwa langoni. Kwenye hekalu kubwa la mji wa Thanjavur mama alivuka ua wa mawe ya matale kwa kurukia kutoka mkeka wa makumbi mmoja hadi mwingine. Mahali mkeka ulipokatika alisimama kwa kisigino, amenishika bega, mpaka nikamtandikia kanga. Nyayo zilimuuma siku mbili. Tuliporudi hapo jioni lilikuwa hekalu jingine kabisa. Jiwe limepoa, na mnara ule wenye zaidi ya meta 60, uliokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa ukoo wa kifalme wa Chola, umegeuka rangi ya asali. Kwenye msingi kuna maandishi yaliyochongwa mstari juu ya mstari, na mwenyeji mmoja alitusomea: ni daftari la mali. Wametajwa wanawake 400 wachezaji wa hekalu na nyumba walizopewa, na kondoo 96 waliotolewa ili samli yao iwashe taa moja milele. Mama aligusa zile herufi kwa kidole, moja moja. Saa saba mchana usingeweza kusimama hapo hata dakika mbili.

Sasa, ununue nini?

Namba moja kwangu, na sifichi kwamba naipenda, ni treni ya usiku ya Pandian Express. Inaondoka stesheni ya Egmore, Chennai, usiku, na inakushusha Madurai alfajiri. Unaacha mizigo, unaoga, na hekaluni unaingia mapema kabisa, mawe bado baridi na wauza maua ndio kwanza wanafungua vikapu. Hakuna kifurushi kilichoweza kunipa asubuhi ile. Kwa Thanjavur kuna ndugu yake, Uzhavan Express, nayo ya usiku. Ukifika, kodi bajaji (wenyewe huiita auto) au teksi ya siku moja tu.

Tiketi ya treni ina mtego wake. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na karibu na sikukuu ya Pongal, katikati ya Januari, vitanda huisha mapema mno. Mawakala huwauzia wageni tiketi yenye herufi WL bila kuwaeleza kwamba ni foleni ya kusubiri. Ikinunuliwa mtandaoni na isipothibitishwa, hupandi. Yenye herufi RAC utapanda, lakini mnaweza kukaa wawili kwenye kitanda kimoja. Dai namba ya behewa na ya kitanda kabla hujatoa hela. Ukiwa na mzee, omba kitanda cha chini. Daraja la 3A, lenye kiyoyozi na vitanda vitatu juu kwa juu, linatosha. 2A, la vitanda viwili juu kwa juu, lina nafasi zaidi, kwa mgonjwa lipia hilo.

Namba mbili ni gari na dereva kwa siku kadhaa. Kwa familia ya watu wanne au mwenye goti bovu ni jambo jema, na ndiyo njia rahisi ya kuunganisha Madurai, Thanjavur, Darasuram na Gangaikondacholapuram, na miji hiyo mitatu ya mwisho ina mahekalu ya Chola yaliyo pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini bei ya kilomita unayotajiwa kwenye simu siyo utakayolipa. Kilomita huanza kuhesabiwa gari linapotoka gereji kwao hadi linaporudi gereji, siyo kutoka hotelini kwako. Kuna kiwango cha chini cha kilomita kwa siku, usipozimaliza unazilipa. Kuna ushuru wa barabara na maegesho. Halafu kuna bata, ndivyo wanavyoiita posho ya dereva, ya kila siku. Dereva hana kosa, bata ni haki yake na usimpunje. Anayeniudhi ni wakala anayeificha hadi siku ya mwisho, mgonjwa ameshachoka na ndege ni usiku. Andikiwa yote kwenye karatasi, na chini yake muandike: hakuna duka ila tukiomba wenyewe.

Namba tatu ni kifurushi cha basi cha siku tatu au nne. Kinunue ikiwa tu wamekupa saa ya kufika kila hekalu. Nilimuuliza wakala mmoja swali hilo, akanijibu kwa picha za bwawa la kuogelea.

Mabasi ya serikali ni rahisi na yapo kila saa. Yanafaa kwa mwanafunzi asiye na mzigo.

Mahabalipuram iweke peke yake, kama kilomita 60 kusini mwa Chennai, na hii ndiyo ya kujaza mchana. Mahekalu yale ya Wapallava, ukoo wa wafalme wa kale, yaliyochongwa mwambani yanatunzwa kama mambo ya kale, kwa hiyo hayana mapumziko ya adhuhuri. Mgeni hulipa rupia 600, Mhindi 40. Tofauti hiyo inauma, ila tiketi moja inaingia hekalu la ufukweni na yale magari matano ya mawe (mahekalu yaliyochongwa kwa umbo la magari ya kukokotwa) siku ile ile, kwa hiyo usikubali kuuziwa mbili. Ule ukuta mkubwa wenye tembo wa mawe, karibu meta 30 kwa upana, unautazama bure ukiwa barabarani. Mtafute paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma kama mtawa anayefunga, panya wamemzunguka. Mama alimwona kabla yangu.

Simu haziingii Meenakshi. Hukabidhiwa nje na unapewa namba. Asiye Mhindu hafiki chumba cha ndani kabisa, lakini ukumbi wa nguzo na ziwa la ndani vinatosha asubuhi nzima. Mabega na magoti yafunikwe. Beba kanga mbili, moja ya kujifunga, nyingine ya kukanyagia.

Mama ana miadi nyingine Chennai mwezi wa kwanza. Pandian nimeshamkatia, kitanda cha chini, namba ninayo.